Kaka Yako Alishaanua Matanga: Jibu Kuhusu Mapokezi ya American Dream

Swali: "Kaka yangu mkubwa ndiye aliyenijulisha LCD Soundsystem nikiwa bado mdogo. Mwezi uliopita nilitulia na albamu yao ya American Dream, ile ya 2017, nikaipenda mno. Nilipomwambia kaka, akakunja uso. Anasema hiyo ndiyo albamu iliyomtoa kwenye bendi ile, kwanza kwa sababu walitudanganya, pili kwa sababu haichezeki. Lakini kila uhakiki ninaousoma unaimwagia sifa. Inakuwaje wakosoaji waisifu albamu ambayo mashabiki wa tangu zamani wanaikataa? Nimwamini nani?"

Ndugu yangu, nianze na kaka yako, maana lalamiko lake lina vipande viwili na mwenyewe amevitenganisha vizuri kuliko wengi walioandika kuhusu albamu hii. "Walitudanganya" ni neno moja, na "haichezeki" ni neno jingine kabisa. La kwanza halihusu muziki hata kidogo, na ndilo lenye uzito. La pili linahusu muziki, na hapo naona amekosea, ingawa kosa lake lina chanzo kinachoeleweka.

Ili umwelewe, rudi 2011. Mwanzoni mwa mwaka ule James Murphy, ambaye ndiye bendi yenyewe kwa maana ya kuwa anatunga na studioni anapiga sehemu kubwa ya ala kwa mkono wake, alitangaza kwamba LCD Soundsystem, bendi hiyo ya New York ya dansi-panki (panki iliyofungwa ndani ya midundo ya dansi), imefika mwisho. Onyesho la kuaga lingekuwa Madison Square Garden, New York, tarehe 2 Aprili. Tiketi zilinyakuliwa papo hapo, nyingi zikaishia mikononi mwa walanguzi, na Murphy akawaka hadharani. Ili mashabiki wa kweli wasikose, bendi ikaongeza maonyesho manne katika ukumbi wa Terminal 5 kabla ya lile kubwa. Usiku wa kuaga wenyewe walipiga kwa zaidi ya saa tatu, na bendi ya Arcade Fire ikapanda jukwaani kuimba nao. Watu walilia. Waliotoka miji ya mbali kwa nauli zao walilia zaidi.

Mambo hayakuishia ukumbini. Mwaka 2012 ikatoka filamu kuhusu usiku ule, na tangazo lake liliuita mazishi waziwazi. Mwaka 2014 ikatoka rekodi ya onyesho zima, boksi la santuri tano. Hebu jiweke mahali pa shabiki aliyekata tiketi, akaenda kuitazama filamu, kisha akanunua zile santuri tano. Ameilipia buriani moja mara tatu. Alikaa matanga, akayaanua, akaendelea na maisha yake huku akiuhifadhi usiku ule kama kitu kilichokwisha na kwa sababu hiyo hakiwezi tena kuharibika.

Halafu Desemba 2015 ukatoka wimbo mpya wa Krismasi, na Januari 2016 ikatangazwa kwamba bendi inarudi na itakuwa miongoni mwa vinara wa tamasha la Coachella. Miaka mitano ilikuwa bado haijatimia. Hasira za mashabiki zilikuwa za kweli kiasi kwamba Murphy aliandika barua ndefu kuwajibu. Alieleza kwamba alijikuta ana nyimbo nyingi kuliko alizowahi kuwa nazo wakati wowote, kwamba wenzake aliotaka kuzirekodi nao ni walewale, na kwamba kubadilisha jina la bendi ili tu kulinda ile buriani kungekuwa uongo wa namna nyingine. Aliwaomba radhi waliouona mwisho ule kuwa kitu kitakatifu, akakiri kwamba deni pekee analoweza kulilipa ni kutengeneza rekodi nzuri.

Mimi naikubali barua ile, lakini haifuti machungu ya kaka yako. Mtu uliyemzika akikurudia mlangoni, furaha ya kumwona haikuzuii kuuliza yale machozi yalikuwa ya nini. Kwa hiyo anaposema walitudanganya, usimjibu kwa alama za wakosoaji. Alama hizo zinapima nyimbo kumi zilizotoka tarehe 1 Septemba 2017, ilhali yeye anazungumzia ahadi ya tarehe 2 Aprili 2011.

Yapo pia mapokezi mengine ya kulinganisha nayo. Death From Above 1979, wale wawili wa Toronto wanaopiga besi na ngoma tu, walitoa albamu yao ya kwanza 2004, wakavunjika 2006, wakarudi 2011, na albamu ya pili ikatoka 2014. Miaka kumi kati ya albamu na albamu! Hata hivyo marejeo yao hayakuzua ugomvi wa aina hii. Walivunjika kama bendi nyingi zinavyovunjika, kwa kuchokana na kwa tangazo fupi, bila kumuuzia mtu tiketi ya mazishi. Waliporudi, shabiki hakuwa na cha kurudishiwa. Kinachouma kwa LCD Soundsystem ni kwamba waliaga vizuri mno.

Sasa naomba nirekebishe jambo moja katika swali lako. Si kweli kwamba mashabiki wa zamani waliikataa albamu hii. Baadhi waliikataa, na waliosikika zaidi ni hao kwa sababu maumivu yana sauti kubwa. American Dream iliingia namba moja kwenye Billboard 200, chati ya albamu ya Marekani, jambo ambalo bendi ile haikuwahi kulifikia. Albamu yao iliyotangulia, This Is Happening ya 2010, ilikuwa imegota namba 10. Wiki ya kwanza ilihesabiwa vipimo 85,000 hivi nchini Marekani (mauzo na usikilizaji wa mtandaoni vikijumlishwa), na kati ya hivyo 81,000 vilikuwa mauzo ya albamu nzima. Itazame hiyo tofauti. Waliosikiliza wimbo mmojammoja mtandaoni walichangia sehemu ndogo sana. Karibu hesabu yote ni ya watu waliotoa fedha kwa ajili ya albamu kamili, na mwaka 2017 aliyekuwa bado na tabia hiyo ni shabiki wa umri wa kaka yako. Ni haki kusema pia kwamba sehemu ya mauzo hayo ilipandishwa na mpango wa kuunganisha tiketi za ziara na nakala ya albamu, utaratibu uliokuwa umeenea wakati ule, kwa hiyo usiichukue namba moja ile kama kura safi ya mapenzi. Hata hivyo anayekata tiketi ya bendi hajaipa kisogo.

Upande wa wakosoaji, sifa zilikuwa nyingi na nyingi zilikuwa za haki. Pitchfork, jarida la mtandaoni la uhakiki wa muziki, waliipa 8.5 kati ya 10 na kuiweka katika muziki mpya bora, na magazeti ya Uingereza na Marekani yakafuata njia hiyohiyo. Lakini wewe unayesoma tahakiki hizo leo, zisome ukijua ni za akina nani. Mwaka 2002 Murphy aliingia mjini na wimbo Losing My Edge, unaomhusu mtu mzima mwenye makabati ya santuri anayeogopa kwamba vijana wanaokuja wanajua muziki mzuri kumzidi. Mtu yule ndiye mkosoaji wa muziki mwenyewe. Tangu siku ile wakosoaji wanaiandika bendi hii kama mtu anayemwandikia binamu yake. Wamekusanya santuri zilezile, wana hofu zilezile, na wamezeeka pamoja naye. Murphy alizaliwa 1970, kwa hiyo alipotoa American Dream alikuwa na miaka 47, na albamu imejaa mambo ya umri huo: marafiki waliopotea, marafiki waliokufa, mtu anayejiona kwenye kioo asubuhi asijue la kufanya. Mkosoaji wa miaka 45 hawezi kuusikiliza wimbo wa aina hiyo kwa masikio makavu. Sisemi anadanganya. Nasema amependa kwa sababu zake, na wewe uliye mdogo una haki ya kuipenda kwa sababu zako.

Jambo la pili kuhusu wakosoaji ni namna wanavyosikiliza. Anapewa nakala kabla ya siku ya kutoka, anaketi mezani na visikizio masikioni, ana siku chache za kuandika maneno elfu moja. Katika hali hiyo kinachomfikia kwanza ni mashairi. Yeye mwenyewe anafanya kazi ya maneno, basi anayakimbilia maneno. Mwili unakuja baadaye, au hauji kabisa. Nimefanya kazi hii miaka mingi na najua ninachokisema: zipo albamu za kuchezeka nilizoziandikia kurasa mbili bila kusimama kitini hata mara moja, na nikizisoma kurasa hizo leo naona zote zinahusu maana ya nyimbo, huku ngoma ikiwa na sentensi moja tu. Kwa muziki mwingine hilo ni kosa dogo. Kwa dansi-panki ni kosa la msingi.

Hapo tunaingia kwenye "haichezeki".

Lugha yetu ina bahati ya pekee katika jambo hili, kwani ngoma ni ala na ngoma ni mchezo wenyewe. Anayepiga na anayecheza wanashirikiana neno moja. Dansi-panki nzima inaishi ndani ya neno hilo. Gang of Four wa Leeds, katika albamu yao ya kwanza ya 1979, walilichukua gitaa la panki wakaliondolea ule ukuta wa kelele, wakaliacha likatekate kama panga, kisha wakaipa besi kazi ya kuongoza. Kimya kilichobaki katikati ya mikato ndicho kilichoruhusu mwili uingie. ESG, akina dada wa South Bronx, walifika palepale kwa njia yao: besi, ngoma, sauti, na nafasi kubwa iliyoachwa wazi. Miaka zaidi ya ishirini baadaye The Rapture, chini ya Murphy na mwenzake katika lebo ya DFA, walitoa House of Jealous Lovers kwenye santuri ya inchi 12, wakaongeza kengele ya chuma na matoazi yanayofunguka katikati ya mpigo kama ya disko. Santuri ya inchi 12 inayobeba wimbo mmoja kila upande ina mifereji mipana, na mifereji mipana inabeba besi nzito bila sindano kuruka. Wimbo ule ulitengenezwa kwa ajili ya spika kubwa na sakafu iliyojaa watu. Ma-DJ waliukubali kabla ya magazeti.

Kaka yako alilelewa na kipimo hicho, na kwa kipimo hicho American Dream inaanza vibaya. Oh Baby, wimbo wa kwanza, unatambaa kwa sinthesaiza (kinanda cha kielektroniki) na kumbembeleza msikilizaji kwa karibu dakika sita. Wimbo uliobeba jina la albamu unayumba kwa mapigo ya tatu-tatu, mwendo wa watu wawili waliochoka waliokumbatiana, wala si wa umati unaoruka. Na Black Screen, unaofunga, unachukua dakika 12 na kuishia kwenye piano tupu. Aliyesikiliza nyimbo hizo tatu tu ataapa kwamba ngoma imekufa.

Lakini sikiliza vilivyobaki. Other Voices ina besi inayotembea na kengele ileile ya zamani. Change Yr Mind ina gitaa linalokwaruza ambalo Gang of Four wangelitambua kama mtoto wao. Emotional Haircut ni panki ya kupiga kelele kabisa. Tonite ni mashine ya dansi kuanzia sekunde ya kwanza hadi ya mwisho, na Januari 2018 ilishinda tuzo ya Grammy ya rekodi bora ya dansi. Hiyo ndiyo Grammy ya kwanza ya bendi ile, na wameipata kwa wimbo wa kuchezeka kutoka albamu inayodaiwa haichezeki.

Na How Do You Sleep? Nikae hapa kidogo, kwa sababu kwangu ndio moyo wa albamu. Unadumu dakika tisa. Unaanza na ngoma za mbali, kama zinapigwa nje ya nyumba, na Murphy anamwita kwa sauti ya mbali mtu aliyekuwa rafiki na mshirika wake. Dakika zinapita, hakuna besi. Mwili unaanza kudai. Kisha sinthesaiza ya chini inaingia kama ardhi imefunguka, na bado mdundo kamili haujaja. Unapokuja hatimaye, umeusubiri kwa muda mrefu hivi kwamba hasira ya wimbo na raha ya kucheza zinakuwa kitu kimoja. Huo ni ufundi wa mtu aliyewahi kuwa mpiga ngoma na fundi mitambo wa sauti, anayejua hasa chumba kinahitaji nini na anakinyima hadi sekunde ya mwisho. Mkosoaji aliyeketi aliandika kuhusu nani anayelaumiwa katika wimbo huo. Kaka yako, nadhani, aliuruka baada ya dakika ya pili. Unataka uusikilize umesimama, sauti iko juu, na usiuguse.

Kumbukumbu ya kaka yako nayo imefanya kazi yake. Muulize kwa upole Sound of Silver ya 2007 inaishaje. Inaishia kwa wimbo wa taratibu kuhusu New York ambao hakuna aliyewahi kuuchezea. Someone Great, ulio katikati ya albamu hiyohiyo, ni wimbo wa msiba. Albamu za zamani zilikuwa na huzuni na mwendo wa pole kama hii. Ila yeye hazikumbuki kama albamu. Anakumbuka maonyesho, ambapo kila wimbo ulipigwa kwa kasi zaidi na Pat Mahoney alikuwa kwenye ngoma akizipiga kama anakimbizwa. Albamu mpya ya 2017 ilipewa shindano isiloweza kulishinda: rekodi ya studio dhidi ya kumbukumbu ya jukwaani.

Bendi yenyewe nadhani ililijua hilo. Aprili 2017, miezi kadhaa kabla albamu haijatoka, waliufungua ukumbi wa Brooklyn Steel kwa mfululizo wa maonyesho na kuzipiga baadhi ya nyimbo mpya mbele ya watu wasiozijua. Mashabiki waliozipokea nyimbo hizo wakiwa wamesimama kwenye umati ndio niliosoma wakizitetea kwa nguvu zaidi baadaye.

Unauliza umwamini nani, na ningekuwa mwongo nikikuambia wakosoaji huona mbele kuliko mashabiki. Wapo waliokosea vibaya, tena katika muziki huuhuu. Liars, ambao albamu yao ya kwanza iliwaweka katikati ya dansi-panki ya New York, walitoa ya pili 2004 wakiwa wameitupa dansi yote na kuimba kuhusu wachawi. Majarida ya Rolling Stone na Spin yaliiponda kwa alama za chini kabisa. Miaka miwili tu baadaye Drum's Not Dead, albamu iliyoendeleza njia ileile waliyochekewa, ikasifiwa kila upande. Mashabiki waliobaki na Liars kati ya 2004 na 2006 walikuwa wachache, na walikuwa sahihi mapema kuliko magazeti.

Kwa American Dream mimi nasimama na wakosoaji juu ya thamani yake na kuachana nao juu ya sababu zao. Waliipenda kwa huzuni yake. Mimi naipenda kwa jinsi huzuni hiyo ilivyofungwa ndani ya ngoma, hata pale ambapo ngoma inakawia. Black Screen ni mfano wa mwisho. Inamhusu mwanamuziki David Bowie, aliyefariki tarehe 10 Januari 2016, siku chache tu baada ya bendi kutangaza kurudi. Murphy alikuwa amepiga ala za midundo kwenye albamu ya mwisho ya Bowie, na amesimulia kwamba Bowie ndiye aliyemuuliza kama wazo la kuirudisha bendi linamtia wasiwasi, na alipokubali akamwambia hiyo ni dalili njema. Sikiliza chini ya sauti yake utausikia mpigo mdogo, mkavu, usiobadilika kwa dakika nyingi. Ni mdogo mno kwa sakafu ya dansi, lakini haukomi hadi piano inapobaki peke yake.

Kaka yako usimletee tahakiki hata moja. Mwambie hasira yake ya 2011 ni halali na huna nia ya kumbishia. Kisha mwombe akupe dakika tisa, mkiwa wawili, viti vimesogezwa pembeni, na uuweke wimbo How Do You Sleep? kwa sauti kubwa kadiri majirani watakavyovumilia. Usiseme kitu mpaka mdundo uingie, umtazame miguu.